Mlango Wako Unamtazama Nani?

Tofali zetu zipo. Elfu nne na ushee, zilifyatuliwa Agosti, zikachomwa Septemba, na sasa zimerundikwa pale Kasense, zimefunikwa nyasi, zikisubiri watu waache kugombana. Kiwanja kipo. Fundi yupo, na kianzio chake ameshakila. Kisichokuwepo ni jibu la swali moja dogo ambalo limeipasua familia yetu kama chungwa: mlango wa mbele utazame wapi?

Baba mdogo anasema utazame barabara. Kwake yeye nyumba isiyotazama barabara ni ghala la mahindi. Mbele ya mlango anataka geti la chuma, na kuzunguka kiwanja chote anataka fensi ya tofali inayomzidi mtu kimo, maana siku hizi, anasema, watu hawaaminiki. Bibi, mama yake mzazi, ambaye umri wake unabisha hodi kwenye themanini, hataki hata kuisikia habari hiyo. Yeye anataka mlango utazame upande wa jirani yetu, yule mama ambaye jiko lake lipo hatua ishirini kutoka lilipo jiko letu, na ambaye kwa miaka mingi amekuwa akichukua moto kwetu na sisi tukichukua chumvi kwake.

"Mume wangu," Bibi aliniambia (ndivyo anavyoniita tangu nikiwa sijui kuvaa suruali), "wewe umesoma. Hebu muulize baba yako huyo. Nikianguka usiku, barabara ndiyo itakayokuja kuniinua?"

Sasa mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuchora ramani. Sikusomea ujenzi. Nina rula na nina karatasi, na kwa ukoo wetu hiyo inatosha. Nilikaa mezani nikidhani nitachora vyumba vitatu, ukumbi na jiko, nimalize, nirudi kwenye hadithi zangu fupi ambazo hakuna mhariri anayezitaka. Wapi! Kila mstari niliouchora ulikuwa na mtu nyuma yake aliyekwisha kuuchora zamani, na mwingine aliyekwisha kuufuta. Ndiyo maana nawaandikia haya. Ugomvi wa mlango wetu una umri mkubwa kuliko baba mdogo.

Msomaji wa Dar es Salaam ambaye hajafika kwetu lazima kwanza nimpandishe mlima. Uwanda wa Ufipa umekaa juu kama kitanda kati ya mashimo mawili: magharibi Ziwa Tanganyika, mashariki bonde la Ziwa Rukwa. Sumbawanga mjini ni kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, wakati maji ya Tanganyika yapo mita 770 hivi. Maana yake ni kwamba ukitoka ziwani kuja kwetu umepanda kilomita nzima kwenda juu, na mwili wako utaijua. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi watu huongea wakitoa moshi mdomoni. Na upepo! Ni uleule wa kusini-mashariki ambao watu wa pwani wanauita kusi, wakautungia nyimbo kwa sababu unasukuma jahazi. Huku kwetu hakuna jahazi la kusukuma, kwa hiyo unasukuma milango.

Jambo la pili ni miti. Sehemu kubwa ya uwanda ni nyasi. Mtu wa Tabora akitaka kujenga anaingia porini kukata nguzo. Mfipa akisimama mlangoni anaona nyasi mpaka macho yachoke, isipokuwa vichaka vya mabondeni, msitu wa milima ya Mbizi, na siku hizi mikaratusi iliyopandwa. Alichonacho kwa wingi ni udongo, hasa ule wa kichuguu, ambao mchwa wameukanda bila kudai ujira.

Kwa udongo huo wazee wetu walifanya mambo. Vitabu vya shule huwa vinapita haraka kwenye tanuri za kuyeyushia chuma za Ufipa, zile ziitwazo malungu, lakini mwenye miguu anaweza kuyaona mabaki yake mpaka leo katika nchi ya Nkansi. Ni minara ya udongo wa kichuguu, mingine karibu mita tatu kwenda juu, chini yake imetobolewa matundu ya kuvutia hewa. Prof. Bertram Mapunda alizifuatilia tanuri hizo katika utafiti wake wa miaka ya 1990, na kabla yake, mwaka 1969, Wembah-Rashid alikwisha kuandika juu ya wahunzi wa Ufipa. Mimi kilichonivutia si chuma. Ni kwamba mtu aliyeweza kusimamisha mnara wa udongo uliostahimili moto wa kuyeyusha mawe, huyo hakuwa mtu wa kufundishwa kwamba udongo ni nyenzo ya maskini. Nalisema hili mapema kwa sababu tutalirudia tukifika kwenye saruji.

Sasa, vijiji. Mwingereza Roy Willis alikuja Ufipa mwaka 1962, akakaa mpaka 1964 akiuliza maswali, na mwaka 1981 akatoa kitabu juu ya historia yetu kabla ya ukoloni, A State in the Making. Aliwakuta Wafipa wakikaa katika vijiji vilivyobanana, nyumba karibu na nyumba, na kati ya kijiji na kijiji nyika tupu ya mwendo wa kuchosha. Tofauti na makabila mengi ambayo kila mzee alijitenga na mji wake juu ya kilima chake, Mfipa alipenda kusikia jirani akikohoa.

Kwa nini? Nimewahi kusikia watu wakisema ni woga wa vita, wengine wakasema ni woga wa uchawi, kwa kuwa jina lenyewe la Sumbawanga watu hulifasiri "tupa uchawi". Sina ugomvi nao. Lakini Bibi ana jibu lake, nalo ni la kijinga kwa namna nzuri: baridi. Nyumba zikibanana zinakingana upepo. Ya kwanza inapigwa, ya pili inapigwa kidogo, ya tatu haina habari. Alizaliwa katika nyumba ya msonge, ya duara, yenye paa la nyasi lililoshuka mpaka likakaribia kugusa ardhi, na anasema upepo ulikuwa ukifika pale unazunguka na kwenda zake kwa sababu haukuona kona ya kushika. Mlango wa kila nyumba ulikuwa umeupa upepo kisogo. Na kwa kuwa zote ziliupa kisogo upepo mmoja, uwanja wa mbele ya huyu ulikuwa uwanja wa nyuma ya yule. Hapo ndipo watu walipopepetea ulezi, hapo ndipo pombe ilipochujwa, na hapo ndipo mtoto aliyechapwa na mama yake alipokimbilia kwa mama wa pili. Hakuna aliyechora. Upepo ndio ulichora, watu wakafuata.

Pia kijiji kilikaa kwenye mwinuko, maana mabonde ya uwanda wetu wakati wa masika hugeuka matope ya kumeza ng'ombe. Mashamba yalikuwa pembeni, ya ntumba, yale matuta ya mviringo ambayo nyasi hufukiwa ndani yake zioze ziwe mbolea. Ukifukia nyasi mwaka huu unakula maharage, na mwaka ujao unapanda ulezi palepale. Kwa hiyo shamba la Mfipa si kipande cha ardhi tu; ni kazi ya mwaka jana iliyolala chini. Ukimhamisha ghafla unamwachisha akiba yake. Shika hilo.

Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa jamhuri, Mwalimu Nyerere katika hotuba yake ya kuapishwa kuwa Rais aliwaomba wananchi wakae pamoja vijijini, kwa kuwa bila hivyo shule, maji, zahanati na trekta haviwezi kuwafikia. Ilikuwa ombi. Na kuna waliolisikia hata kabla halijasemwa. Kule Songea, kuanzia 1960, vijana wa TANU walikwenda porini wakaanzisha kijiji cha Litowa kwa mikono yao wenyewe, wakalima pamoja, wakaendesha shule yao, na vijiji zaidi ya kumi vikajiunga nao katika chama cha maendeleo cha Ruvuma. Mwalimu aliwapenda sana, na alipoandika juu ya ujamaa vijijini mwaka 1967 wao walikuwa ushahidi kwamba jambo lenyewe linawezekana. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao. Mpaka leo nikisoma habari za Litowa napata hasira ambayo haina mtu wa kumwangukia. Hicho ndicho kilikuwa kijiji cha ujamaa ambacho watu walikijenga kwa kukitaka, na ndicho kilichokufa mapema.

Novemba 1973 ombi likawa amri. Ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anaishi kijijini. Mwaka 1975 ikatungwa sheria iliyosema kijiji ni kaya 250 au zaidi, ila kwa mahali penye sababu maalumu. Inakadiriwa watu zaidi ya milioni tano walihama katika miaka hiyo michache. Mkoa wetu wa Rukwa wenyewe ulizaliwa katikati ya mshikemshike huo, mwaka 1974.

Nilimuuliza Bibi, "Bibi, Operesheni Vijiji ilipokuja mlihamishiwa wapi?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kijijini!" akasema. "Tulikuwa kijijini, tukahamishwa kupelekwa kijijini."

Hilo ndilo lililonifanya niweke rula chini. Katika mikoa mingine unaweza kubishana kama ilikuwa sawa au si sawa kuwakusanya watu waliotawanyika. Lakini hawa walikuwa wamekwisha kukusanyika, tena kwa karne nyingi, na kukusanyika ndiko kulikosemwa kunatakiwa. Kilichokosekana ni kwamba kijiji chao hakikuonekana kutoka barabarani. Gari la mkubwa halikuweza kupita mbele yake na kuhesabu.

Basi anasimulia hivi, nami naandika kama alivyosema, nikipunguza matusi tu. Walikuja watu wakiwa na kamba. Wakapima pembeni mwa barabara, mstari mnyoofu, wakachoma vigingi. Kila kaya ikapewa kipande chake kilicholingana na cha mwenzake, na nyumba ikaamriwa isimame mbele ya kipande, mlango ukitazama barabara. Wote. Barabara yenyewe ilikuwa imekatwa na watu waliokuwa wakifikiria magari, haikumuuliza mtu upepo unatoka wapi, kwa hiyo kule kwao milango yote ilifunguka kuelekea kusi. Julai ile ya kwanza Bibi alipika na mlango umefungwa, moshi ukamla macho. Nyumba nane za upande wa chini zilikuwa zimeangukia kwenye bonde. Masika yalipokuja zikasimama majini. Wapimaji walipita kiangazi, bonde likiwa kavu kama uwanja wa mpira. Wangejuaje?

"Lakini si mliwaambia?" nikauliza.

"Tuliwaambia. Wakasema tunapinga maendeleo."

Wao walikuwa miongoni mwa waliobahatika. Waliambiwa siku ya kuhama, wakaezua paa wenyewe, wakabeba miti ya paa kichwani kwa sababu mti ni mali. Kuna waliokuta paa limeezuliwa na wengine. Mashamba ya ntumba yalibaki kule, mwendo wa saa moja na nusu, na mwaka ule wengi walilima haraka haraka karibu na barabara, kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeifukia nyasi. Mavuno usiulize.

Ila anachokisikitikia Bibi zaidi, na hapa nilitegemea atasema njaa, ni kwamba katika mstari mtu ana majirani wawili tu. Mmoja kulia, mmoja kushoto. Kijiji cha zamani ulikuwa unatoka nje unaonwa na nyumba sita saba. Ukiumwa, moshi usipotoka jikoni kwako, watu wanauliza. Katika mstari moshi wako unaonwa na dereva wa lori. Serikali ilikuwa na mjumbe wake wa nyumba kumi, utaratibu ambao TANU iliuanzisha miaka ya 1960, na katika mstari ilikuwa rahisi kujua nyumba ya kumi inaishia wapi. Katika kijiji cha zamani, anasema, hakuna aliyejua ya kumi ni ipi.

Nisiwe mnafiki. Katika mstari ule ndipo ilipojengwa shule. Mwaka 1977 elimu ya msingi ilipofanywa ya watoto wote, baba yangu aliingia darasa la kwanza hatua mia mbili kutoka mlangoni kwao. Kama wangebaki kule juu ya mwinuko wao, wakikingana upepo na kuchuja pombe, sijui kama leo ningekuwa naandika chochote kwa mtu yeyote. Bibi mwenyewe analijua. "Shule ilikuwa nzuri," anasema. "Wangeweza kuileta shule."

Katika kutafutatafuta niligundua kwamba hatukuwa peke yetu. Misri, karibu na Luxor, kulikuwa na watu wa Gourna waliojenga juu ya makaburi ya wakubwa wa enzi za mafarao, na serikali ikataka wahame. Mwaka 1945 akapewa kazi msanifu majengo mmoja, Hassan Fathy, mtu aliyekuwa akiipenda nyumba ya udongo kuliko wenye nyumba wenyewe. Akajenga kijiji kipya kwa tofali mbichi: nyumba zimezunguka viwanja vya pamoja, kuba za kupoza joto, msikiti, soko, shule. Kila kitu ambacho mimi ningependa kukichora. Picha zake ukiziona unatamani kuhamia. Miaka mitatu baadaye kazi ilisimama haijamalizika, na watu wengi wa Gourna wakakataa kwenda. Walikuwa na sababu zao, na mojawapo ilikuwa kwamba riziki yao iko palepale juu ya makaburi. Fathy alikuja kuandika kitabu juu ya mkasa ule, kitabu ambacho wanafunzi wa usanifu wanakisoma dunia nzima. Nikafikiri: hapa hakukuwa na mstari, hakukuwa na saruji, aliyechora alikuwa na moyo mzuri na macho mazuri, na bado. Wale watu hawakushika kamba.

Sasa turudi kwenye saruji kama nilivyoahidi. Mwaka 1977 Mwalimu alitoa tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, na ndani yake aliwasema watu wanaokataa kujenga kwa tofali za kuchoma na vigae, wakakaa kwenye vibanda wakisubiri siku watakayopata bati na saruji. Aliona ni kama akili imepooza. Saruji nayo, alikumbusha, ni udongo tu, ila ni wa Ulaya. Nikisoma maneno hayo nilimwona baba mdogo waziwazi, ameketi kwenye kochi.

Huku kwetu vigae si hadithi. Wamisionari waliofika pwani ya Tanganyika, wakapewa ngome ya Karema mwaka 1885, baadaye walipanda uwandani wakajenga makanisa na nyumba za tofali za udongo wetu huuhuu, na mafundi waliofyatua walikuwa babu zetu. Bati lenyewe lina faida, nani atabisha? Haliungui, halili mchwa, halidai nyasi mpya. Lakini lala chini ya bati Sumbawanga mwezi wa saba bila dari. Usiku linatoa baridi kama jokofu. Februari mvua ikianza, acha mazungumzo. Mtu na mkewe wanaongea kwa ishara kama mabubu. Nyumba ya nyasi ilikuwa na joto lake na ukimya wake, ila nyasi nzuri za kuezekea nazo siku hizi ni za kutafuta, na mwezi mmoja wa kiangazi mtoto akicheza na kiberiti imekwisha. Kwa hiyo tutaezeka bati. Hilo halina mjadala hata kwa Bibi. Alilolitaka ni dari, na paa litokeze mbele kiasi cha watu kukaa chini yake mvua ikinyesha.

Kuhusu tofali za kuchoma nitamkosoa Mwalimu kidogo, kwa heshima zote. Tanuri linakula miti. Tanuri letu la Septemba lilikula mikaratusi ambayo babu aliipanda, na nilipoona visiki nilijisikia mwizi. Katika nchi yenye miti michache kama yetu, ushauri wa kuchoma tofali una deni ndani yake. Wapo watafiti wa nyumba bora wa serikali ambao tangu miaka ya 1970 wamekuwa wakihangaika na jambo hili, na sasa wanahimiza tofali za kufungamana: udongo, saruji kidogo, unashindilia kwenye mashine, huchomi. Tungejua mapema tungefanya hivyo. Tumejua tofali zikiwa zimeiva.

Na fensi? Hapa ndipo ninapomwonea baba mdogo huruma, maana yeye si mtu mbaya. Alikulia katika mstari. Mtoto aliyekulia katika mstari, mlango wake ukitazama magari yakipita kwenda Mpanda na kwenda Tunduma, amejifunza kwamba heshima inatoka barabarani. Akahamia mjini akaona kila aliyefanikiwa amejizungushia ukuta na kuchomeka vipande vya chupa juu yake. Kwake ukuta ni cheti. Pwani, kwenye miji ya zamani kama Lamu na Unguja, tajiri alijenga nyumba ya mawe yenye kuta nene za kuficha ndani yake, lakini nje akaacha baraza ya mawe ili mpita njia akae. Benchi hilo la kukaa limekuwa na heshima kiasi kwamba leo mawaziri wetu wote wakikusanyika tunawaita kwa jina lake. Sisi tumeiga kuta tukasahau benchi.

Na Kasense inabadilika. Ni kata ya Manispaa, lakini bado ukitembea unakutana na mahindi kabla ya kukutana na watu. Viwanja vinapimwa, vijiwe vya mipaka vinachimbiwa, na kila jiwe likichimbiwa kuna mtu anaanza kuhesabu tofali za fensi. Sioni mpango wowote mbaya hapo. Hakuna anayemlazimisha mtu, hakuna amri ya Novemba. Tunajipanga wenyewe kwenye mistari, kila mtu na geti lake, na hakuna hata wa kumlaumu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kiwanjani wote. Mimi na karatasi yangu, baba mdogo na simu yake, fundi na kamba, Bibi na kigoda chake. Nilikuwa nimechora nyumba yenye mlango mkubwa upande wa jirani, kaskazini-magharibi, na upande wa barabara dirisha pana, ili baba mdogo apate cha kuonyesha. Kati ya jiko letu na la jirani nilikuwa nimeacha uwanja wazi, bila kitu. Baba mdogo akaiangalia karatasi muda mrefu.

"Hapa umesahau kuchora," akasema, akionyesha pale pa wazi.

"Sijasahau, baba."

Fundi, ambaye ni mtu wa hesabu na si wa historia, akakohoa. Akasema tofali elfu nne, ukitoa msingi na kuta za vyumba, ukitoa zitakazovunjika, hazitoshi fensi hata upande mmoja. Baba mdogo akasema fensi itakuja baadaye, akipata. Bibi akasema baadaye yeye hatakuwepo, kwa hiyo wakishamzika wajenge hata ngome. Akaenda akaweka kigoda chake mahali fulani kwenye majani, akakaa, akatazama kwa jirani. Yule mama jirani alikuwa nje akipepeta maharage. Wakaanza kuongea, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya watu waliokaa chumba kimoja.

Fundi alingoja. Kisha akachoma kigingi kimoja kulia kwa kigoda na kingine kushoto, akapima kati yake. Sentimita tisini. Akaniuliza mlango wa upana huo unatosha, au tuongeze kumi kwa ajili ya magunia. Baba mdogo alikuwa amesogea kando akiongea na simu, na alipomaliza alisema tutalizungumza tena Jumatatu. Mvua kwetu huanza Novemba.